Dripu Ipi, Kiasi Gani, na Lini Uifunge: Mwongozo Kamili wa Maji kwa Mgonjwa Mahututi

"Dokta, nimtundikie nini?"

Swali hilo nalisikia karibu kila zamu hapa Tanga, na anayeuliza huwa ameshashika chupa mkononi. Mara nyingi ni salaini, kwa sababu tu ndiyo iliyokaa juu kwenye boksi. Morfini tunaifungia kabatini, tunaihesabu kwa miligramu na kuiwekea sahihi. Lita mbili za maji ya chumvi tunammiminia mtu mwenye moyo dhaifu bila hata kuandika saa tulipoanza. Nimeandika haya nikitaka dripu nayo iogopwe kidogo, kama dawa nyingine yoyote.

Mwongozo ni wa madaktari, maafisa tabibu na wauguzi wanaohudumia wagonjwa mahututi, hasa pale ambapo maabara inafungwa jioni na mashine ni za kugawana. Dozi ni za mtu mzima isipokuwa nikisema vinginevyo. Mwongozo wa Wizara na wa hospitali yako ndio unaotangulia. Hapa naongeza yale ambayo karatasi haina nafasi ya kuyaeleza.

Hatua ya 1: Hakikisha kinachokosekana ni maji

Nyumba nyingi za Tanga zina tanki juu ya paa. Bomba la jikoni likianza kudondosha, fundi anayeijua kazi hakimbilii kujaza tanki. Huenda tanki ni tupu kweli. Huenda pampu imekufa. Huenda mabomba yamepasuka na maji yanaishia ukutani. Huenda kuna uchafu umeziba njia.

Mgonjwa mwenye presha 80 kwa 50 ni vivyo hivyo. Aliyehara siku mbili au aliyepoteza damu, tanki lake ni tupu: mpe haraka. Mwenye moyo uliochoka, pampu ndiyo mbovu, na ukimjazia unamzamisha. Mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyovuruga mwili mzima, mishipa imetanuka na inavuja. Maji yatamsaidia kidogo, kisha yatahamia kwenye mapafu na miguu. Na yule mwenye hewa iliyobana kifua, maji yanayouzunguka moyo au damu iliyoganda kwenye mapafu, njia imezibwa. Ukimpa chupa unapata dakika chache za kwenda kutafuta sindano au msaada, basi.

Kwa hiyo kabla ya kutundika chochote, msikilize mapafu chini kabisa mgongoni, tazama mishipa ya shingo akiwa ameinuliwa, bonyeza ini, na muulize ndugu aliyemleta: alikuwa anahema vizuri akilala chali nyumbani? Mama aliyelala na mito mitatu mwezi mzima ameshakujibu kabla ya eksirei.

Kisha mshike kidole. Kipimo hiki hakina gharama na wengi wetu tunakifanya vibaya. Chukua kioo cha maabara, kile cha kupakia damu ya malaria. Weka juu ya ncha ya kidole cha shahada, upande wa nyama. Bonyeza mpaka weupe uonekane kupitia kioo, ushikilie hivyo kwa sekunde 10 kamili ukitazama saa, si kwa kukisia. Achia. Hesabu mpaka rangi irudi. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki pembezoni inavyotakiwa. Kama chumba kina feni au kiyoyozi kikali, mpashe mkono kwanza, la sivyo unapima baridi ya chumba.

Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa mwaka 2019, uliofanywa Amerika ya Kusini kwa wagonjwa 424 wenye sepsisi iliyoangusha presha, ulilinganisha kidole hicho na kipimo cha laktati, kemikali inayopanda kwenye damu mzunguko ukiwa hafifu. Waliofuatiliwa kwa kidole walikufa asilimia 34.9 ndani ya siku 28. Waliofuatiliwa kwa laktati, asilimia 43.4. Kitakwimu tofauti hiyo ilikosa uhakika kwa kiasi kidogo tu. Lakini kwa sisi ambao laktati inapimwa siku mashine ikiwa na vitendanishi, ni habari njema: kidole hakikuwa duni.

Vitabu vingi vinasema tazama mabaka kwenye magoti. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo hujificha, hasa chini ya taa moja ya usiku. Mimi nashika. Nateremsha kiganja kutoka pajani kwenda gotini hadi mguuni na kuandika baridi inaanzia wapi. Goti la baridi kwa mtu mwenye homa ni dalili mbaya kuliko namba nyingi za kwenye skrini.

Presha yenyewe, tumia ya wastani: jumlisha ya juu na mara mbili ya chini, gawa kwa 3. Mwenye 84 kwa 46 ana wastani wa 59. Lengo kwa wengi ni 65.

Na pima sukari. Kila mgonjwa aliyelegea, kila mara. Ikiwa chini, anahitaji gramu 25 za glukosi sasa hivi: mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50 polepole kwenye mshipa mzuri, au mililita 250 za asilimia 10, ambayo haichomi mishipa.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani ya chupa

Salaini ya asilimia 0.9 ina gramu 9 za chumvi kwa lita, karibu kijiko kimoja na nusu cha chai. Kwa vipimo vya maabara, milimoli kwa lita, ni sodiamu 154 na kloridi 154. Damu yako sasa hivi ina sodiamu kama 140 na kloridi kama 100. Kwa hiyo sodiamu imezidi kidogo, kloridi imezidi sana, na hiyo kloridi ndiyo inayoleta asidi kwenye damu na kubana mishipa ya figo mgonjwa akipewa lita nyingi. Waliipa jina la "ya kawaida" na jina likakaa.

Ringa lakteti ina sodiamu 130, kloridi 109, potasiamu 4, kalsiamu kidogo, na laktati 28 ambayo ini huigeuza kuwa kinga dhidi ya asidi. Inakaribia damu zaidi, ila ni nyepesi kidogo kuliko damu, na wepesi huo utakuja kuwa na maana kwenye majeraha ya kichwa.

Dekstrosi ya asilimia 5 si maji ya kuokoa presha. Sukari ikishatumika yanabaki maji matupu yanayosambaa mwili mzima. Katika lita moja, mililita kama 80 tu ndizo zinazobaki kwenye mishipa. Nimeona ikitundikwa kwa mtu mwenye shoku, ambaye damu haifiki kwenye viungo vyake inavyotakiwa, kwa hoja kwamba "hajala tangu jana". Njaa yake ni ya kweli, lakini hicho si chakula: lita nzima ina kalori zisizofika 200.

Dripu za wanga, zile zilizosifiwa kwamba hukaa kwenye mishipa muda mrefu, ziweke kando kabisa. Utafiti wa 6S wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 51 ya wagonjwa wa sepsisi waliopewa wanga walikufa ndani ya siku 90, dhidi ya asilimia 43 waliopewa ringa ya asetati. Utafiti wa CHEST wa mwaka huohuo, wenye wagonjwa 7,000, ulionyesha wengi zaidi kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulisimamisha vibali vyake. Ukikuta boksi la zamani stoo, lisitoke humo kwenda wodini.

Albumini, dripu ya protini ya damu, ni ghali na kwetu haipatikani kirahisi, na sioni sababu ya kuililia. Utafiti wa SAFE wa mwaka 2004 ulikuwa na wagonjwa karibu 7,000: upande wa albumini walikufa 726, upande wa salaini 729. Kwa waliojeruhiwa kichwa albumini ilileta vifo zaidi.

Basi salaini au ringa? Utafiti wa SMART wa mwaka 2018, Marekani, wagonjwa 15,802: vifo na madhara makubwa ya figo vilikuwa asilimia 14.3 kwa maji yaliyosawazishwa kama ringa na 15.4 kwa salaini. Baadaye BaSICS ya Brazili mwaka 2021 na PLUS mwaka 2022 hazikuona tofauti ya vifo. Hukumu yangu: kwa wengi anza na ringa, hasa ukijua utavuka lita mbili. Ikiwa stoo ina salaini pekee usisubiri hata dakika moja. Kiasi utakachotoa kinaua au kuokoa wengi kuliko aina.

Kuna hofu tatu kuhusu ringa ninazozisikia wodini kila wiki.

Ya kwanza: "ina potasiamu, mgonjwa wa figo asipewe." Potasiamu 4 iko chini ya ile aliyonayo mgonjwa mwenye 6, huwezi kuchemsha sufuria kwa kuongeza maji ya uvuguvugu. Salaini ndiyo yenye tabia ya kuipandisha, kwa kuwa asidi yake huisukuma potasiamu itoke kwenye seli. Kama kuna kitu cha kuogopa kwa mgonjwa wa figo, ni madafu. Pwani hii kila mgonjwa huletewa madafu, na dafu lina potasiamu mara kumi na zaidi ya ringa. Waambie ndugu kwa upole. Wameleta kwa mapenzi.

Ya pili: "italeta asidi ya laktiki." Iliyomo ni chumvi ya laktati, haina asidi yake. Ini lililokufa kabisa ndilo linaloshindwa kuitumia.

Ya tatu ina ukweli ndani yake: seftriaksoni, antibayotiki ya sindano. Dawa hiyo ikikutana na kalsiamu ya ringa hutengeneza chembe. Usizichanganye kwenye chupa au mrija mmoja kwa wakati mmoja. Simamisha ringa, suuza mrija kwa salaini, toa dawa, suuza tena, endelea. Kwa mtoto mchanga anayepewa dripu yenye kalsiamu, usitumie seftriaksoni kabisa. Chagua dawa nyingine. Damu nayo isipite mrija mmoja na ringa.

Hatua ya 3: Linganisha chupa na ugonjwa

Sepsisi ndiyo inayotusumbua zaidi, na ndipo ushauri wa nje unapotakiwa kupimwa kwa mizani ya hapa. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 unapendekeza angalau mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 1,800. Wenyewe wanakiri ushahidi ni dhaifu. Sasa tazama Lusaka. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya Zambia iliyohusisha watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Kundi la utaratibu mkali wa maji lilipata lita 3.5 katika saa 6, kundi la huduma ya kawaida lita 2. Hospitalini walikufa asilimia 48.1 kwenye kundi la maji mengi, na 33 kwenye lile jingine. Hawakuwa na mashine za kupumulia za kutosha kumbeba mtu ambaye mapafu yake yamejaa. Na sisi je?

Karibu zaidi na hapa kuna Muheza, kilomita kama 35 tu kutoka Tanga mjini. Hospitali ya Teule ilikuwa moja ya hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilizofanya utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: wengine walimiminiwa salaini au albumini kwa haraka, wengine walipewa dripu ya kawaida ya taratibu. Baada ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.5 ya waliomiminiwa salaini, 10.6 ya albumini, na 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa chochote. Watafiti wengi duniani hawakuutarajia mwelekeo huo. Kwa hiyo mtoto mwenye homa, usimmiminie kwa sababu tu mikono ni ya baridi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka dalili zote tatu ziwepo: mikono na miguu ya baridi, rangi ya kidole kuchelewa zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu ya kasi. Hapo ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60, si kwa sindano ya kusukuma. Mtoto mwenye utapiamlo mkali au upungufu mkubwa wa damu ana taratibu zake, usimwingize humu.

Kwa mtu mzima wa sepsisi mimi naanza na ringa mililita 500 kwa dakika 15 hadi 30, nampa antibayotiki ndani ya saa hiyo, kisha narudi kidoleni. Nitaeleza kurudi huko kwenye hatua ya 5.

Kutokwa na damu: tiba ni damu, na mkono unaoziba jeraha. Bodaboda aliyegongwa barabara ya Segera, au mama anayevuja baada ya kujifungua, kila lita ya chumvi unayompa inazimua vigandishi vilivyobaki na kumpoza mwili. Mpe mililita 250 kwa 250, ukilenga mapigo ya mkononi yashikike na presha ya juu ifike 80 hadi 90, wakati chumba cha upasuaji kinaandaliwa. Kama kichwa nacho kimeumia, presha hiyo ya chini haifai. Ubongo unataka 100 na zaidi. Aliyejeruhiwa ajali, asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10 ndani ya saa 3 tangu ajali, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Chupa za damu zikifika nne, kumbuka kalsiamu. Na mtu mmoja atoke nje kuongea na ndugu wajitolee damu mapema, kabla benki haijasema hakuna.

Jeraha la kichwa bila kutokwa damu: salaini. Wepesi wa ringa unaweza kuongeza uvimbe wa ubongo, na BaSICS iliona mwelekeo mbaya kwa wa kundi hilo waliopewa maji yaliyosawazishwa.

Kipindupindu na kuhara kukali: hapa sahau ubahili wote niliouhubiri. Ringa mililita 100 kwa kilo: 30 za kwanza kwa dakika 30, na 70 zinazobaki kwa saa 2 na nusu. Kilo 60 ni lita 6 ndani ya saa 3. Mtoto chini ya mwaka mmoja, 30 kwa saa 1 kisha 70 kwa saa 5. Akiweza kunywa, anza ORS hukohuko dripu ikiendelea. Dripu yenyewe ilizaliwa kwenye ugonjwa huu: Thomas Latta, daktari wa Leith huko Scotland, mwaka 1832 aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani, na waliokwisha kukunjamana wakafumbua macho.

Kisukari kilicholeta asidi: salaini lita 1 saa ya kwanza, au ringa, zote zinafaa; kisha mililita 250 hadi 500 kwa saa. Insulini isitangulie potasiamu. Ikiwa chini ya 3.5, rekebisha potasiamu kwanza, kwa kuwa insulini itaishusha zaidi na moyo utasimama. Potasiamu haisukumwi kwa sindano, kamwe. Sukari ikishuka hadi milimoli 14 ongeza dekstrosi, usikatishe insulini.

Kuungua: fomula ya zamani ni mililita 4 kwa kilo kwa kila asilimia ya ngozi iliyoungua, wengi sasa huanza na 2 kwa watu wazima na kupandisha kwa kufuata mkojo. Mfano. Baba wa kilo 60 ameungua asilimia 30 kwa mlipuko wa jiko la gesi saa 2 asubuhi, amefika saa 6 mchana. Kwa 2: mara 60 mara 30 ni mililita 3,600 za ringa kwa saa 24. Nusu, 1,800, ziingie ndani ya saa 8 tangu alipoungua. Saa 4 zimeshapita njiani, kwa hiyo ni 450 kwa saa mpaka saa 10 jioni. Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu saa alipofika mlangoni. Baada ya hapo fomula imemaliza kazi: mkojo wa mililita 30 kwa saa ndio unaoongoza, ukizidi 50 punguza.

Kifafa cha mimba: jumla ya maji yote, magnesiamu ikiwemo, isizidi mililita 80 kwa saa. Mkojo mchache wa saa chache baada ya kujifungua usikutishe ukamjaza. Mama hawa hufa kwa mapafu kuliko kwa figo.

Malaria kali kwa mtu mzima: mapafu hujaa kwa urahisi wa kutisha. Hana shoku, mpe taratibu tu.

Hatua ya 4: Njia ya kupitishia

Kanula, ule mrija mfupi unaobaki mshipani, hutofautishwa kwa rangi: ya kijani hupitisha mililita kama 90 kwa dakika, ya waridi 60, ya bluu 36. Ya kijivu hufika 180. Kwa mtu mwenye shoku weka kijivu au kijani kwenye kiwiko, mbili kama mishipa inaruhusu. Kumtundikia chupa tatu kupitia bluu moja ya kiganjani ni kupamba stendi.

Seti ya kawaida ya dripu hutoa matone 20 kwa mililita; soma kwenye pakiti, ya damu mara nyingine ni 15. Zidisha mililita kwa matone, gawa kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 4 ni 500 mara 20, gawa kwa 240: matone 42 kwa dakika. Lakini 500 kwa dakika 30 ni matone 333, na hakuna jicho linaloweza kuyahesabu. Hapo fungua yote, bandika plasta wima kwenye chupa, chora mstari wa pale maji yatakapotakiwa kufika kila dakika 10, na simama hapo. Kusimama hapo ni sehemu ya dozi.

Hatua ya 5: Rudi kitandani

Kila baada ya mililita 500, au dakika 30, ipi itatangulia, maswali ni mawili. Amefaidika? Na ameumia?

Amefaidika: kidole kimerudi chini ya sekunde 3, baridi imeshuka kutoka gotini hadi kifundoni, mapigo yamepungua, anajua jina la mwanawe. Mkojo hufuata baadaye, nusu mililita kwa kilo kwa saa ikitosha. Usiufukuzie mkojo peke yake.

Ameumia: anahema kasi kuliko mwanzo, oksijeni imeshuka, mapafu yanalia chini ambako palikuwa safi. Funga, hata kama chupa ina nusu. Chupa iliyofunguliwa haina deni kwako.

Ukiwa na mashaka mwinue miguu. Akiwa ameketi nusu kwa nyuzi 45, laza kichwa na uinue miguu nyuzi 45 kwa kukisogeza kitanda chenyewe, usimshike miguu akaumia. Karibu mililita 300 za damu yake mwenyewe zinarudi kwenye moyo. Ndani ya dakika moja, tofauti ya presha ya juu na ya chini ikipanuka wazi, pengine atanufaika na maji. Bila altrasaundi ya moyo kipimo hiki ni cha juujuu, lakini ukimrudisha alivyokuwa unakuwa hujamwongezea hata tone.

Naandika haya nikiwa na kijana mmoja kichwani. Ilikuwa hospitali nyingine, mwanzo wa kazi yangu. Usaha ndani ya tumbo, presha chini. Saa 5 usiku niliandika salaini lita 1 kila saa 2, nikaingia kwenye upasuaji wa mgonjwa mwingine. Muuguzi alikuwa mmoja kwa vitanda kumi na nne, akafuata nilichoandika, kwa uaminifu. Alfajiri nilikuta chupa saba tupu za nusu lita zimepangwa dirishani na kijana anatoa povu la waridi mdomoni. Presha yake ilikuwa nzuri tangu saa 7. Hakuna aliyekuwa amenitafuta kwa kuwa sikuandika lini waache.

Tangu siku hiyo siandiki chupa ya pili kwenye mstari mmoja na ya kwanza.

Hatua ya 6: Presha ikigoma

Lita moja na nusu au mbili zimeingia, kidole bado sekunde 5, wastani wa presha 58. Lita ya tatu mara chache ndiyo jibu. Anza dawa ya kubana mishipa: noradrenalini ikiwepo, adrenalini isipokuwepo. Hakuna haja ya kungoja mrija wa shingoni. Kanula nzuri ya kiwikoni au juu yake inatosha kwa saa za mwanzo, ikitazamwa kila saa kama ngozi imevimba au kubadilika rangi. CLOVERS ya 2023, Marekani, yenye wagonjwa 1,563, ililinganisha kuanza dawa hizo mapema na kuendelea na maji: vifo asilimia 14 na 14.9. Hakuna aliyeshinda, maana yake kuanza mapema hakukumdhuru mtu. Ukiwa na mashine moja ya kupumulia, uchaguzi unajulikana.

Na jiulize tena kuhusu chanzo. Usaha usiotolewa hautaoshwa kwa ringa.

Hatua ya 7: Maji yaliyojificha

Chukua karatasi ya dawa ya siku moja. Metronidazoli, mililita 100 mara 3. Parasetamoli ya mshipani, 100 mara 4. Seftriaksoni iliyochanganywa kwenye 100, mara 2. Hiyo ni mililita 900 na hakuna aliyeandika neno dripu. Ongeza za kusuuzia mrija, na ile lita 2 ya "matunzo", dripu ya kila siku ya asiyekula, ambayo kila mmoja anaikuta imeandikwa na hakuna anayeifuta. Siku ya tatu mgonjwa amevimba kope na tunashangaa.

Dawa zinazoweza kupita tumboni zipitishe tumboni. Parasetamoli ya vidonge iliyosagwa kwenye mrija wa pua inafanya kazi. Uji mwepesi ukianza kwa mrija, kata dripu ya matunzo siku hiyohiyo, na yote, ya kinywani na ya mshipani, yaingie kwenye hesabu moja ya saa 24.

Hatua ya 8: Kuyatoa

Presha ikishasimama bila dawa, au kwa dawa kidogo inayopunguzwa, kazi inageuka. Kwa kawaida ni siku ya pili hadi ya nne. Mgonjwa ana lita nne au tano za ziada, na hizo ndizo zinazomzuia kutoka kwenye oksijeni. Furosemidi, dawa ya kukojoza, miligramu 20 hadi 40, tazama mkojo kwa saa 2, rudia au ongeza. Lenga kupungua nusu lita hadi lita moja kwa siku, ukipima potasiamu kila unapoweza. Kidole kikianza kuchelewa tena, umetoa kwa pupa, pumzika.

Hapa wauguzi wa zamu ya asubuhi wananizidi macho. Sista mmoja hunionyesha alama ya bendi ya jina kwenye kifundo cha mkono: leo imezama, kesho inazunguka. Sijaona mizani ya kitanda inayomshinda.

Wakati wa kukabidhi zamu, karatasi ya mgonjwa wa dripu iwe na mistari hii, kwa mkono wako: maji gani, mililita ngapi, yameanza saa ngapi, kwa sababu gani, kidole kilikuwa sekunde ngapi, na nini kikitokea yafungwe. Mfano: "Ringa 500, saa 3:10 usiku hadi 3:40. Kidole sekunde 5, goti la baridi. Funga akihema zaidi ya 30 au oksijeni ikishuka chini ya 92. Niite 3:40, usitundike nyingine kabla sijaja." Kisha uende kweli saa 3:40.